Mtaro Uliopinda

Kwako kaka yangu,

Sisi huku tunaendelea. Mama amepona mguu, na paka wake amezaa tena kabatini mwa vyombo. Gari la taka halijapita wiki ya tatu sasa, kwa hiyo watu wanatupa mifuko mtaroni, na mvua ikinyesha inaturudishia yote mlangoni.

Juzi nilikwenda kwenye kikao cha madiwani. Walibishana saa nzima kipi kianze, gari la taka au mtaro mpya, hadi mwenyekiti akagonga meza. Kisha wakabandika ramani ukutani. Mtaro unashuka umenyooka, unafika kwenye kile kiwanja kitupu kilicho jirani na kwetu, unakikwepa, halafu unapita katikati ya jiko la Mama. Machale yakanicheza.

"Mbona umepinda?" nikauliza.

"Mwenye kiwanja alileta pingamizi mapema," karani akajibu. "Nyie hamkuleta."

"Mwenyewe ni nani? Pale hapajawahi kuwa na mtu."

"Kimenunuliwa. Ameomba asitajwe."

Lakini alipoinua barua yenyewe, niliiona. Imeandikwa kwa mkono, herufi zimelalia kushoto, kila mstari unapanda kama ngazi. Namjua mtu mmoja tu mwenye mwandiko huo. Ndiye aliyenishika mkono akanifundisha kuandika.

Mama sijamwambia. Kila asubuhi anakuombea.

Nijibu upesi, kaka, ila usipige simu. Niandikie kwa mkono, hata mistari miwili tu.

Mdogo wako, ambaye herufi zake nazo zinalalia kushoto.