Adabu ya Mkwe Mbele ya Jenereta

We Mwanahawa, acha kupika, soma! Mkwe wangu Abdalah kaniamrisha mbele za watu. Kaniamrisha mimi, mama mkwe wake!

Leo wenye maduka walikuwa wanamjaribu. Akiweza kuunganisha jenereta mbili ziwashe mtaa wote, kazi ya umeme ni yake. Akishindwa, wanamleta fundi wa Kakonko.

Msaidizi wake hakuja. Wote wakaiogopa ile swichi kubwa ya kuziunganisha, nikasema nitashika mimi. Abdalah akanieleza huku ametazama chini: katikati ya jenereta kuna taa, zinawaka na kuzimika polepole. Zikizimika, jenereta zinakwenda sawa, ndipo niunge; zikiwaka, nisithubutu.

Sasa yeye kasimama palepale kwenye taa, na mimi siwezi kumkodolea mkwe macho. Nikageuka pembeni, nikasema aniambie yeye.

Taa zikazimika. Akaanza: "Mama, samahani, kwa heshima yako, kama haitakusumbua, naomba..." Alipofika kwenye "uunge", taa zimeshawaka zote! Nami nikaunga.

PUU! Jenereta ikaruka kama mbuzi. Salumu wa vitenge alikimbia akaacha kandambili.

Nikamwambia, "Baba, adabu hiyo itakukosesha kazi. Nipigie kelele!"

Zikazimika tena.

"MAMA, UNGA!"

Nikaunga. Zikanguruma pamoja, mtaa mzima ukawaka, watu makofi.

Kazi kapewa. Ila kajificha nyuma ya mashine kwa aibu, anasema hatoki mpaka niondoke.

Nimeagiza chai. Sina haraka.