Vitu Vitatu Kila Asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu, na kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kimekwisha. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri na kunigombeza vizuri zaidi, kwa hiyo jua kwamba nyonga aliyoumia siku ile ya pikipiki inapona.

Najua una hasira nami. Unapiga simu kila asubuhi, inaita mpaka inakatika. Haijaharibika, mimi fundi simu nitakaaje na simu mbovu? Ni mama ameipiga marufuku. Daktari aliagiza atembee nusu saa kila siku na mtu wa kumshika mkono, mama akaongeza sharti lake, kwamba mtu huyo aje peke yake, simu ibaki nyumbani. Siku ya kwanza nilificha ya mteja mfukoni, ikalia tulipofika kwenye tangi la maji. Nikajitetea kuwa si yangu. Akasema basi mwenye simu ndiye angekuja kutembea nayo. Tangu hapo ananipapasa mifuko mlangoni kama askari wa benki.

Sharti la pili ndilo linalonitesa. Tukirudi, kabla sijagusa kitasa, lazima nimtajie vitu vitatu nilivyoviona njiani. Vikipungua, tunazunguka tena. Wiki ya kwanza, dada, nilikuwa kama kuku anayetaka kutaga. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, haukuti kitu, unarudi, unakwenda tena. Paja lilinitetemeka kana kwamba kuna simu inaita. Nilimtajia mlango wa kijani, paka, na mlango wa kijani, akanigeuza palepale.

Polepole macho yakazoea. Nikaona kinyozi anavyofagia nywele za jana ndipo afungue dirisha. Nikaona mtaro wa pale kwenye kona umefunikwa kwa zege jipya. Lakini usidhani nimepata utulivu. Wanaosema kutembea hivi kunatuliza moyo, wangu hawajauambia. Kadiri ninavyoona ndivyo ninavyohangaika, maana kwenye kona hiyo kila siku tunapishana na mtu anayekwenda kwa miguu, kamba ya kubebea mizigo begani. Ni yule dereva wa pikipiki tuliyembandika jina la Taratibu kwa jinsi alivyokuwa akiendesha. Humwamkia mama, hunisalimu na mimi, anapita zake. Zamani nikimwona nilizama kwenye simu. Sasa sina pa kuzamia.

Juzi nilimaliza kutaja vitu vyangu vitatu, mama akabaki ameshika kitasa. Akasema, "Kuna mtu unamruka kila siku. Usipomtaja, mlango huu hatutaufungua mapema."

Dada, kaa kitako. Pikipiki haikumgusa mama. Siku ile aliyoanguka tulikuwa tunapita kwenye kona ileile, nimemshika mkono, huku najaribu simu ya mteja niliyotoka kuibadilisha kioo. Nilihitaji mikono yote miwili, nikauachia mkono wake. Aliniita, nikamwinulia kidole asubiri. Nilipoinua macho alikuwa ndani ya mtaro. Taratibu alikuwa anapita, akasimama, akashuka mtaroni na viatu vyake. Watu walipokusanyika waliona pikipiki, wakamwona mama amezirai, wakauliza kama ni yeye. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Mama alipozinduka hospitalini akauliza nini kimemwangusha, nikamwambia ni pikipiki, naye akasema kama mimi nimeona, basi ndivyo. Hata wewe ulipompigia tajiri wake, mwenye pikipiki, mpaka akamnyang'anya, ulifanya hivyo kwa kuniamini mimi. Nimekudanganya, dada, na nimekula jasho la mtu mwema. Naona aibu hata kuandika.

Leo asubuhi nilimsimamisha Taratibu pale kwenye kona nikamwambia yote, mama akisikia. Nilitamani anipige, hakunipiga. Aliniambia tu, "Siku ile nilikutazama ili useme. Wewe ulikuwa unatazama simu."

Nimekuandikia kwa mkono wangu ili upate cha kumwonyesha tajiri wake, kwa kuwa ni maneno yako aliyoyasikiliza. Mpelekee barua hii, dada, usiikunje kwa kunionea huruma. Naye akitaka kuniona, nipo.

Tuliporudi nyumbani, mama hakuniuliza vitu vitatu. Aliuachia mkono wangu, akafungua mlango mwenyewe, akaingia.

Mpe shemeji salamu zangu, na wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka. Ukitaka kunigombeza kwa simu, nami nimestahili, piga mchana. Asubuhi nitakuwa mlangoni namngoja mama, kama bado atakubali nimshike mkono.

Mdogo wako aliyekukosea,

Fundi