Nsimire Alifunga Mfuko wa Kukimbia

Christine,

Hapana, sijapoteza akili, hata ukisema hivyo mbele ya watoto wako. Ninawapeleka kulala kwenye kambi ya mapumziko kandoni mwa ziwa, si Shabunda kwenye vita. Samaki sambaza wako katika sufuria, wapashe moto. Papa yako ameze dawa baada ya kula, hata akiapa ameshameza.

Asubuhi ulinipigia kelele: "Maman, nani mwenye nyumba analala hemani kwa kupenda?" Nilitaka kucheka. Kisha Nsimire akaniuliza mimi bibi yake polepole, "Koko, tunakimbia tena?" Nikafungua mfuko wake. Alikuwa ameweka viatu vya shule, sabuni na kadi ya ubatizo, vile tulivyomfundisha mwaka jana tulipokimbia. Ana miaka saba!

~~Basi tunabaki, umeshinda.~~

Hapana. Tukibaki, atakua akijua hema ni ya kukimbia tu. Viatu na kadi nimeviacha kitandani mwake; mfukoni nimetia nguo ya kuogelea na mpira. Tunarudi kesho saa sita. Ukitaka kuja jioni, leta chumvi, nimesahau.

Teksi inapiga honi. Hema anaibeba Nsimire mwenyewe. Tumetoka.

Maman