Baka Langu na Unyoya wa Kuku

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Muyama hatujambo, maharage yamekubali. Unanililia eti kliniki yenu ya ngozi haina kioo cha kukuzia. Nyoo! Miaka ya sabini, karibu na harusi yangu, nilitokwa na baka mgongoni. Mama mkwe akasema ni ukoma, pombe ya ndizi ya harusi imwagwe, ndoa hakuna. Nikamburuta hadi hospitali Kasulu. Daktari hakuwa na kifaa; akachomoa unyoya wa kuku tuliyemletea.

"Funga macho, binti. Baka la ukoma halisikii kuguswa."

Aliponigusa nikaruka. "Daktari, unanitekenya!"

"Basi ni choa tu."

Nikamgeukia mama mkwe: "Haya mama, tangulia ukaonje pombe."

Akatangulia. Ndoa ile ndiyo iliyomzaa baba yako. Futa machozi, wagonjwa wanakungoja.

Bibi yako