Sinia Mbili Zilizorudi

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Interro, lile jaribio la hesabu, imerudi. Tisa kwa kumi! Ningefurahi, lakini Élie ana kumi, na Prof Bertin anapeleka mwanafunzi mmoja tu kwenye konkuru, mashindano ya hesabu kule Fizi. Swali nililokosa: 5x – 2(x – 3). Niliandika 3x + 6. Prof amesahihisha kwa wino mwekundu: 3x – 6. Amekosea yeye! Ile alama ya kutoa inaingia kwa vyote vilivyomo ndani ya mabano, si kwa x peke yake.

Nimeikunja karatasi bila kuinua mkono. Darasa la nane lote lingegeuka kuniangalia.

Jumanne, 12 Novemba

Nimejaribu x iwe 4. Swali lenyewe: 20 – 2 = 18. Jibu langu: 18. La Prof: 6!

Nimemuonyesha Fanny, jirani yangu wa dawati. Anasema prof ni prof, nitamwaibisha. Halafu: “Kwanza we hata kuomba chaki unaogopa!”

Kweli.

Jumamosi, 16 Novemba

Arusi kwa akina Nuru wa mtaa wetu, Mama ndiye mpishi. Sinia tano zimepelekwa kwa wageni, kila moja na idadi sawa ya vipande vya samaki kuhe. Mbili zimerudi. Mama kafunua – kila moja imepungua vipande vitatu.

“Wageni bachache, mikono mingi! Munira, kule bamekula bipande ngapi?”

Nikasimama na kawa mkononi. Tano, toa mbili – lakini hizo mbili hazikurudi nzima! Kwa hiyo wamekula sinia tatu, na vipande sita juu. Kila sinia ikiwa x: 3x + 6!

Nilicheka peke yangu. Mama: “Osha sahani kwanza, mama hesabu.”

Jumatatu, 18 Novemba

Prof ameingia na karatasi ya konkuru. Nimeinua mkono! Sauti ilitoka ndogo: naomba kwenda ubaoni. Élie akasema niende, waone.

Nikachora sinia tano: “Hizi za arusi ya Jumamosi.” Darasa likacheka. Mi niliendelea. Nikafuta mbili, nikarudisha vipande vitatu vitatu. Kicheko kikaisha.

Prof akahesabu vipande ubaoni kwa kidole. “Hiyo arusi ilikuwa ya nani?” Wakacheka tena – safari hii hata mimi. Halafu akatutoa wote nje kabla ya saa ya mapumziko.

Naandika hapa barazani. Fanny anachungulia dirishani. Anasema karatasi ya konkuru bado haina jina, na Prof, peke yake na kalamu nyekundu, anachora sinia.