Ngozi ya Beberu na Moto wa Burito

Jumatatu, 5 Machi 1984
Kuanzia Butiama mpaka Bunda hakuna fundi wa litungu, zeze letu la nyuzi, anayenishinda!
Haya. Burito ananishinda. Anakaa hapo ng'ambo ya kijito, na anajua. Lakini Mwalimu Dafroza kaja kwangu kwanza. Vifaa vya sayansi shuleni hamna, hata chaki wanakatiana. Anataka darasa la tano watengeneze litungu, wajifunze sauti. Nikamwambia mimi shule niliishia la pili. Kacheka: Mzee, kwani ngozi itakuuliza cheti?

Jumatano, 7 Machi
Tumewamba ngozi, tumefunga nyuzi za kano. Watoto wanakaza, wanalegeza, wanasikiliza. Uzi ukikazwa sauti inapanda! Mimi nikatingisha kichwa kama profesa.
Mwalimu mkuu Pastory kapita, uso wa nyati. Kasema Ijumaa anakuja mkaguzi. Litungu likilia, somo liendelee. Lisipolia, kipindi hicho watoto wakapalilie pamba ya shule.

Alhamisi, 8 Machi
Mvua. Litungu linasema bwuu, kama tumbo la ndama. Nikatangaza: ngozi ya beberu hiyo, beberu anakuwaga mkaidi hata akifa. Nyangi, kabinti kafupi ka mstari wa mbele, kakataa. Kakalowesha kipande cha beberu na cha mbuzi jike. Vyote vikalegea! Kakavikausha jikoni kwa mama yake. Vyote vikakaza!
"Babu, umemsingizia beberu. Ni maji."
Darasa zima limenicheka. Shenzi kabisa! Nakapenda.

Ijumaa, 9 Machi
Mvua bado. Ngozi imelegea tena. Jiko la kina Nyangi limevuja, moto umezima. Kiberiti? Madukani kimebaki jina. Gari la mkaguzi limekwama matopeni barabara ya Buhemba — watu wanasukuma. Wasukume polepole!
Moshi unatoka kwa Burito tu. Hatusemeshani tangu harusi ile niliposema litungu lake linalia kama mbuzi anayehara. Watoto wamekwenda, kawafukuza: aje mwenyewe mwenye mdomo.
Nyangi kaniuliza, babu, unaogopa? Mimi!
Nimekaa chini ya paa la ghala la Burito, litungu ndani ya koti, napanga maneno hapa nisije nikatukana. Hivi: Burito, dume lako la ng'ombe lilipotumbukia shimoni, nani alishuka na kamba? Sitaki unilipe ng'ombe. Sogea kidogo tu hapo motoni, tukae mimi na hii ngozi.