Lile Donge Halikuwa la Maandazi

Baba Herieth,

Nimekwenda soko la Zhongda kuchagua vitambaa, nitarudi jioni. Wali na maharage vipo jikoni. Friji usiiguse.

Lile donge la kahawia halikuwa la maandazi! Lilikuwa la biskuti za Krismasi za Kiswidi, zile za tangawizi ambazo Mama alifundishwa na nesi Mswidi wa misheni kule Bukoba. Donge lake hulazwa siku tatu ndipo liokwe. Leo ilikuwa ya tatu. Wewe umeamka, umelikata pembetatu, umelitumbukiza kwenye mafuta ya moto mpaka likasambaratika lote, halafu unaniamsha kuniuliza mbona hamira yangu imekufa. Miaka kumi na moja ya ndoa, kila Desemba unazila, hujui hata zinavyotengenezwa!

Sufuria isugue mwenyewe. Na pole yako kaa nayo.

Ukishuka dukani nunua siagi, mdalasini, karafuu ~~na sukari guru~~.

Sukari guru acha. Ile ya kwenye donge ilikuwa ya mwisho aliyonitumia Mama kabla hatujamzika. Nilikuwa nimeitunza tangu Machi.

Mama Herieth